Njaa ya Kununua

Sare za Mei Mosi ndizo zilizoanzisha mambo. Mwaka ule, tisini na sita, ofisi ilinunua vitenge vya bluu, na fundi Filipo akaja na futi yake kuwapima watu palepale ukumbini, wanawake kwa wanaume. Filipo alipima, na Bwana Respicius, afisa utawala, akawa anaandika. Angeweza kuandika kimya. Lakini zamu ya Edina, mpiga chapa, ilipofika, alipaza sauti akasoma kiuno chake, akasoma na nyonga, kisha akasema, "Fundi, huyu ni watu wawili. Au tumshonee turubai tu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Edina naye akacheka. Kicheko chake hicho alikuja kukijutia kuliko jambo jingine lolote, maana watu walikichukua kama ruhusa.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwao ni Mlali, kwa wakulima wa uwele na karanga, na mwili ule aliurithi kwa bibi yake na shangazi zake, wanawake wapana waliolima toka alfajiri mpaka jua kichwani bila kuhema. Alipoolewa na Yoramu, mwalimu wa shule ya msingi mjini Dodoma, wakwe walisema ametoka kwenye nyumba yenye ghala. Kazini hakuna aliyemfikia kwa kasi. Bunge likikaa, makaratasi yakafurika, ni yeye aliyeitwa. Tumbo lake halikuwahi kukosea herufi hata moja.

Lakini ilikuwa miaka ya baada ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na sabuni ya mche yalijaa marashi, mikorogo na makopo yenye picha za wanawake wembamba kama fito. Televisheni zimeingia, mashindano ya warembo yamerudi, na ghafla mwili uliokuwa sifa ukageuka kosa. Hata Yoramu alianza. "Mama Jenifa, ukipungua kidogo si vibaya. Siku hizi mambo yamebadilika." Yeye mwenyewe alikuwa na kitambi kilichokaa juu ya mkanda kama mtungi, lakini hicho kiliitwa heshima.

Basi Edina akamwendea Bupe, karani wa masjala, aliyekuwa na biashara yake pembeni. Bupe alifungua mkoba akatoa kopo la unga na pakiti za chai.

"Hii ni ya nje, dada. Asubuhi unga, mchana unga, jioni kabichi ya kuchemsha bila mafuta. Kabla ya kulala, kikombe cha chai."

"Na ugali?"

"Ugali usahau kabisa. Ugali ndio adui yako."

Chai ile ilikuwa dawa ya kumfanya mtu aharishe, si kingine. Edina aliinywa miezi sita. Alipika chakula cha nyumba nzima, akapakua, kisha akakaa pembeni na bilauri ya unga uliokuwa na ladha ya chaki, huku vidole vyake vinanukia mlenda. Akawa mkali. Aligombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Jenifa, bintiye wa miaka minane, aliwahi kupigwa kofi kwa kubakiza tonge mbili. Mtoto alilia, na Edina akalia pia, kisha akazitazama zile tonge kwa uchu mpaka akajionea haya.

Miezi miwili ya kwanza alisifiwa. "Sasa umekuwa msichana!" alisema Respicius. Ilipofika Septemba mashavu yalizama, nywele zikaanza kung'oka na kubaki kwenye kitana, na sifa zikakoma. Watu wakawa wananyamaza akiingia. Miaka ile kila nyumba ilikuwa imeshamzika mtu aliyekonda hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Ofisini walinywea chai kwenye vikombe vya pamoja. Asubuhi moja Edina alikuta kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Mhudumu alimsogezea huku macho yake yakiwa sakafuni. "Hicho ndicho chako, dada. Wamesema."

Siku ileile Respicius alimwita. Sauti yake ilikuwa laini, ya msibani. "Dada Edina, sisi sote ni binadamu. Kama kuna tatizo la kiafya, ofisi itakuelewa. Kile chumba cha nyuma cha masjala kina nafasi. Utapumzika kule, hutakutana na watu wengi."

Yuleyule wa turubai.

Nyumbani, Yoramu alikuwa amehamishia godoro sebuleni. "Niambie ukweli," alisema. "Umeupata kwa nani?"

"Nimeupata nini?"

"Usinifanye mtoto, Mama Jenifa."

"Baba Jenifa, unga nanywa mbele ya macho yako! Wewe ndiye uliyesema nipungue!"

"Nilisema kidogo."

Uvumi hauhitaji nauli. Ulifika Mlali kabla Edina hajajua afanye nini, na Jumamosi moja mama yake, Hana, akashuka kwenye basi na debe la unga wa uwele, mfuko wa mlenda mkavu, na shuka jeupe, jipya. Edina aliliona shuka lile akawaza sanda.

"Shikamoo, mama. Hilo shuka la nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuguza," alisema Hana, na swali la shuka hakulijibu.

"Mama, mimi siumwi." Edina alikwenda chumbani akarudi na makopo na pakiti, akavipanga mezani. Hana hakujua kusoma. Aliuliza kimoja kimoja ni cha nini, akaelezwa.

"Ukinywa hii, huli?"

"Sili."

"Na chakula kipo?"

"Kipo, mama."

Hana aliligeuzageuza kopo moja mikononi. Aliponyanyua uso, ulikuwa wa mtu aliyetukanwa. "Unanunua njaa? Njaa, Edina? Ile njaa ya sabini na nne, mdogo wako alinifia mikononi nikimtafunia mizizi. Wewe mwenyewe ulikula makapi. Mimi niliikimbia ile njaa kwa miguu mpaka Gulwe, nikalala stesheni na nyinyi, nikaomba chakula kwa watu wa treni. Leo unaingia dukani, unainunua, unaileta nyumbani kwako?"

"Mama, hujui wanavyonicheka!"

"Wakucheke! Walikucheka ukiwa mnene, sasa wanakuchimbia kaburi ukiwa mwembamba. Utakuwa na mwili gani ndipo wanyamaze?"

Edina alitaka kujibu. Aliudhika kwa kusemwa kama mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, akatoka nje, akasimama uani. Hana akasonga ugali. Walipokaa kula, Jenifa alisukuma sahani yake katikati ya meza.

"Bibi, mimi sili ugali. Mimi napunguza mwili."

Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Edina alisimama, akakusanya makopo na zile pakiti, akaenda navyo chooni akavimimina vyote shimoni, kopo baada ya kopo, akigonga matako ya makopo kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Lile shuka alilitandika kitandani kwake jioni ileile, akalilalia.

Jumatatu hakwenda chumba cha nyuma. Alingoja saa ya chai, watu wote wakiwa pale. Akachukua kikombe chake, akakata uzi mwekundu kwa mkasi wa karatasi, akakirudisha kwenye sinia, akakichanganya na vingine.

"Nani alifunga huu uzi?"

Mhudumu akajishughulisha na birika.

"Nilipokuwa mnene mlinicheka hapahapa. Nikajinyima chakula miezi sita ili muache kunicheka. Sasa mnanitenga. Bwana Respicius, uliusoma mwili wangu kwa sauti kama tangazo la mnada. Kwa nini haya mengine mnayanong'ona? Sema kwa sauti leo. Sema naumwa nini."

"Dada Edina, tafadhali, punguza jazba."

"Nimeshapunguza vya kutosha. Jazba sipunguzi. Na hata kama ningekuwa naumwa huo ugonjwa, hiki ndicho ambacho mngenifanyia? Kikombe chenye alama, kama bakuli la mbwa?"

Akajimiminia chai kwenye kikombe cha kwanza alichokishika, akaenda nacho mezani kwake, akaanza kupiga chapa. Ukurasa ule aliurudia mara tatu. Respicius hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Lakini habari za chumba cha nyuma hazikutajwa tena.

Bupe alimnunia wiki kadhaa. Walipokuja kuongea, Edina alimuuliza ule unga yeye aliunywa kwa muda gani.

"Mimi?" Bupe alishangaa kweli. "Mimi sijawahi. Una ladha mbaya."

Yoramu aliambiwa waende wote hospitali wakapimwe. Akakataa. Edina akaenda peke yake, akajibiwa kwamba hana kitu, karatasi akaiweka chini ya nguo zake na hakumwonyesha. "Ukitaka kurudi chumbani, kapime na wewe," alimwambia. Mwanaume yule aliyeuliza kwa ukali umeupata kwa nani alilala sebuleni wiki saba kabla hajajipa moyo wa kwenda.

Kula nako hakukurudi kwa urahisi. Wiki ya kwanza Edina alikula kwa hasira, ugali juu ya ugali, mpaka akatapika. Hana, aliyekaa naye mwezi mzima, alimwondolea sahani. "Usile kwa kuwakomoa. Wao hawaoni kitu. Kula ukisikia njaa, ukishiba nawa." Lilikuwa jambo dogo, na lilimchukua karibu mwaka kulijifunza: kulisikiliza tumbo lake badala ya midomo ya watu. Alikula ugali, mlenda, nyama ikiwepo, zabibu msimu wake. Asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, kwa sababu alipenda ule ubaridi kabla vumbi halijaamka. Nyonga zikarudi, mashavu yakarudi, mengine hayakurudi. Zipo siku alizokichukia kioo. Siku hizo alikifunika kanga, akaendelea na shughuli.

Mwaka wa tisini na nane, kwenye ubatizo wa mtoto wa Frida, wifi yake, Edina na Frida walikaa pamoja wakila. Frida akamtazama juu mpaka chini, mbele ya wageni.

"Wifi, mwili umerudi! Ila angalia usije ukazidi."

Edina alitafuna akamaliza. "Wifi, wewe sahani yako hiyo hapo. Mimi nimeshika yangu."

Frida akacheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Edina akaongeza mboga, akala mpaka akatosheka, akaacha kipande cha nyama kwenye sahani, akainuka kwenda kunawa.