Shemeji Jafar na Hesabu ya Wanaokufa

Mume wa dada yangu, Jafar, alifanya kazi bandarini, upande wa Kipevu, katika banda la mizigo iliyoharibika. Kasha likipasuka au gunia likilowa, yeye ndiye aliyeitwa kukagua na kuhesabu. Kazi ile ilimtia kasoro moja: aliamini kila kinachovuka bahari hufika kimevunjika. Dada yangu Mwanasaumu hakuthubutu kununua kikombe cha kaure. Mpaka Jafar anastaafu, wageni wa nyumba yao mtaani Mjambere tulinywea chai vikombe vya bati, tukaungua midomo, tukanyamaza kwa adabu. Mimi sikunyamaza, ila hakunisikiliza.

Korona ilipoingia, shemeji yangu akageuka mtaalamu. Msikiti ukitangaza kifo, swali lake lilikuwa moja: "Alikuwa akikohoa?" Mtaani kwetu walijulikana kuugua watu watatu. Mzee Ahmad alifariki, na Bi Jalila wa nyumba ya pili naye akamfuata. Wa tatu, dereva wa lori, alichukuliwa na watu wenye mavazi meupe ya plastiki, akapelekwa karantini, akarudi amenenepa. Jafar alinyoosha vidole vitatu, akakunja viwili mbele ya uso wangu.

"Watatu, wafa wawili. Hesabu ni hesabu, shemegi."

Basi Mwanasaumu akaanza kukohoa.

Homa ikampanda, mwili ukamlegea, na udi ukifukizwa hasikii harufu yake. Zahanati wakampima, wakasema anao ugonjwa, akae chumba cha peke yake, na akianza kubanwa pumzi apelekwe hospitali mbio. Jafar alisikia lile la kwanza tu. Kwake yeye hukumu ilikuwa imeshapita. Alisimama mlangoni kwa mgonjwa, amevaa barakoa mbili, akaanza kuomba radhi kama watu wanaoagana.

"Mamake Swabra, nisamehe yote. Nisamehe hata lile la Tanga."

Mwanasaumu akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Lipi la Tanga?"

Jafar akajua ameteleza, akakimbilia jikoni. Nilipofika kuwajulia hali, mgonjwa alikuwa na nguvu kuliko mzima. Alikohoa, akapumzika, akauliza tena habari za Tanga.

Nilimkuta Jafar ameshika mwiko asijue wa kufanyia nini. Alikuwa akilia. "Shemegi, miaka yote hii sijui hata chumvi yakaa wapi," aliniambia. "Akenda huyu, mimi n'takuwa mtu wa nani?" Nina ulimi, kila mtu Mjambere anajua, lakini siku hiyo nilimwonyesha tu chumvi ilipo. Nilimwonea huruma.

Akaamua kutoa sadaka ili balaa iondoke: pilau kwa kila nyumba ya mtaa, na apike yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nikasema nimsaidie, akakataa. Alikuwa amewaona wanawake wakipalia makaa juu ya kifuniko pilau ikikaribia kuiva. Yeye akaona makaa juu yatapotea bure, akayasukuma yote chini ya sufuria, kisha akaenda kusali. Aliporudi, jikoni kulikuwa na moshi tele. Nilionja punje mbili. Ilikuwa mkaa uliotiwa bizari.

"Mwaga," nikamwambia.

"Sadaka haimwagwi."

Sahani zikaenda. Hata mgonjwa alipelekewa yake, akasema tamu, na Jafar akazidi kuogopa, maana mkewe hakuwahi kumsifu kwa kitu.

Alasiri nilitoka kukusanya sahani, nikiwa na maneno ya kuomba samahani. Nilianza kwa Bi Mwanabibi, mwanamke aliyewahi kurudisha pilau ya harusi kwa kuwa bizari imezidi. Sahani yake ilikuwa nyeupe, hata punje haikubaki. "Mwambie Jafar ana mkono mtamu," akasema. Nikadhani ananicheza shere. Jirani wetu wa bara, Dishon, akanipokea kwa tabasamu: "Hiyo chakula ilikuwa poa sana, hakuna kitu tulibakisha." Nyumba hii sifa, nyumba ile dua. Ni Baya fundi mawe peke yake aliyetoka na sahani imejaa, akauliza ni nani anayetaka kumuua.

Hapo nikarudi kwa Bi Mwanabibi. "Wallahi, pilau ile hukuisikia kuungua?"

Akachungulia njiani, akanivuta leso, akanitia ndani. "Nyamaza. Mwezi mzima sisikii harufu. Nilikohoa, nikalala, nikainuka. Ningesema, wangekuja wale wa plastiki."

Nikarudi kwa Dishon. "Sisi wote ilitushika, mpaka watoto," akanong'ona. "Sasa tungesema aje, mwenye nyumba atutoe?" Kila mlango niliobisha ulikuwa na mafua yake yaliyofichwa.

Nilimweleza Jafar. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Kumbe nimehesabu tena kama niko bandani," akasema taratibu. "Vilivyofika vizima havikuletwa kwangu. Waliokufa ni wale wale wawili, ila walougua ni mtaa mzima."

Sikumcheka. Wawili wale walikuwa watu wetu, na kuwagawanya kwa mtaa mzima hakukumrudishia mjane wa Mzee Ahmad mume wake. Jafar naye alijua. Alihamishia kiti chake mlangoni kwa mkewe, akakaa akisikiliza pumzi zake. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kula tena.

Juma lililofuata nilikuwa uani pamoja naye, amebandika maharagwe, anapiga soga nami. Sauti ikatoka chumbani, kali, ya dada yangu ninayemjua:

"Jafar! Waunguza!"

Mwiko ukamponyoka. Akakimbia mpaka mlangoni. "Wasikia harufu?"

"Hata jaani Mwakirunge yasikika! Kaondoe chungu!"

"Sema tena, mamake Swabra."

"Chaungua, bwana we!"

Hakwenda kuondoa chungu. Alishika mlango akilia na kucheka, maharagwe yakawa majivu, nami nikalia pia, wala si kwa moshi.

Mwanasaumu akajiinua, akaegemea ukuta.

"Ukishamaliza kulia," akamwambia, "vuta kiti hicho, unieleze lile la Tanga."