Choo cha Mfano

Choo cha ukweni kwangu kilikuwa kisafi kuliko jiko letu, kwa sababu nyepesi tu: hakuna aliyekitumia.

Niliolewa katika kijiji cha ujamaa upande wa Nyamigogo, muda mfupi kabla ya vita. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na amri ilikuwa kila kaya iwe na choo. Sisi tulihesabiwa kaya moja: baba mkwe, mama mkwe, mume wangu na mimi. Walioandika amri walisahau jambo dogo, kwamba mkamwana haingii choo anachoingia baba mkwe wake. Ni aibu ambayo hata kuieleza ni aibu. Baba mkwe, mtu wa heshima zake, hakutaka kunitia aibuni, akaacha kuingia. Mama mkwe naye akaacha, asije akaonekana anajitenga na mumewe, na mimi na mume wangu hatukuthubutu kubaki nacho peke yetu. Basi kwa adabu zetu zote tukawa tunashuka bondeni, kwenye matete kando ya kijito. Maji ya kunywa tuliteka kwenye kijito hicho hicho, hatua chache chini zaidi, maana huko ndiko kulikokuwa na kina kizuri cha kuzamisha ndoo.

Bwana afya alikuja kwa baiskeli kutoka Biharamulo. Akafunua kifuniko, akainama, akanusa. Akaona majivu, akaona ufagio mpya. Akatoa chaki, akaandika mlangoni: MFANO. Baadaye majirani wakaletwa kujifunza, na kwa kuwa walikuwa wanafunzi wazuri, nao wakaanza kuvitunza vyoo vyao kwa njia ile ile.

Vita vilipoanza, mume wangu akaondoka na wanamgambo. Mvua zikaja, zikafagia bonde lote mpaka kijitoni. Binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, akaanza kuhara. Nilimbeba mpaka hospitali ya Biharamulo akiwa mwepesi kama kitenge kilichombeba.

"Choo mnacho?" muuguzi akaniuliza.

"Tunacho. Ni cha mfano."

"Mnakitumia?"

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimemnywesha mwanangu adabu zetu.

Mtoto alipopata nafuu kidogo tukarudi. Siku hiyo hiyo nikachukua jembe, nikaanza kuchimba shimo langu nyuma ya jiko.

Mwenyekiti akapita. "Mama, kaya moja, choo kimoja. Ripoti imeshakwenda wilayani."

"Basi iandikieni ripoti barua," nikamjibu, "mwambieni nachimba."

Mama mkwe akanisihi niache, watu watasema nimefukuzwa chooni. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshazaa. Nikaendelea.

Siku ya tatu nilitoka shamba nikakuta shimo limekwenda chini kupita kimo changu, na miti ya kufunikia imekatwa na kupangwa pembeni. Jembe lilikuwa limeoshwa. Baba mkwe alikuwa amekaa barazani, anaangalia upande mwingine kabisa.

Mama mkwe akanipa ujumbe huku akichambua mboga. "Mzee anasema alidhani shimo lile ni la kupandia mgomba."

Kuanzia hapo kila mtu akajua kwake. Wazee wakaingia cha mfano, mimi changu, na bondeni tukaenda kukata matete tu. Maji nikayachemsha bila kukosa.

Baada ya mavuno bwana afya akarudi. Akafunua kifuniko cha kwanza, akaruka nyuma ameshika pua. Akafunua cha pili, vilevile. Akafuta neno lake mlangoni kwa kiganja.

"Mzee, nimesikitika. Kaya yako imerudi nyuma. Vyoo vinanuka!"

Baba mkwe akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia.

"Bwana afya, zamani ulipopasifu hapa, uliwahi kushuka kunusa kule bondeni?"

Bwana afya akapekua daftari lake, akatafuta mahali pa kuandika swali hilo, akapakosa. Na mimi, mkamwana nisiyetakiwa hata kuinua uso mbele ya baba mkwe, nikacheka kwa sauti mpaka binti yangu akaamka mgongoni, mzito, akaanza kulilia uji.