Jani la Isale Ndani ya Boksi

Nakumbuka Desemba moja, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka migombani, na sisi vijana tuliorudi nyumbani kwa Krismasi tumejaa sebuleni kwa Bibi, tukipanga kuufufua mchezo alioubuni Baba Mdogo Aloisi.

Uliitwa Njia ya Ukungu. Mnaizunguka meza yenye ramani ya mlima na dadu mbili, kila mmoja anajichagulia mtu wa kuwa. Mimi siku zote nilikuwa mfinyanzi. Baba Mdogo ndiye msimulizi. Kwa sauti ya chini anakupeleka msituni, anakusimamisha mbele ya mto uliofurika, kisha anakuuliza, "Unafanya nini?" Ukishajibu, dadu zinaamua kama umevuka. Ukikutana na adui unamnyooshea jani la isale, maana kwetu huku ukiletewa jani hilo kuombwa msamaha, hukatai. Nilikuwa nikiinuka pale nahisi miguu imelowa umande, na mvua haijanyesha wiki nzima!

Maduka ya vitabu ya Moshi mjini yaliuza maboksi ya mchezo huo. Kisha zikaja televisheni na mikanda ya video, nasi tukahamia huko. Yeye aliendelea kuandaa meza kila Jumapili baada ya misa, akitungoja. Mwishowe akayapandisha maboksi darini, akabaki na shamba lake la kahawa. Sasa mfanyabiashara wa Bomang'ombe alitaka kununua jina tu, alibandike kwenye karata zake, na Baba Mdogo alishakubali. Angekuja kesho yake.

Basi sisi tunabishana: boksi liwe jekundu, tutangaze redioni. Kaka yangu Deo, mtu wa Dar siku hizo, akatoa hukumu. "Tatizo ni jina. Limechuja."

Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori, supu yetu ya sikukuu. Alicheka, kicheko cha kutudharau kabisa.

"Mmemwacha mtoto wangu na meza tupu, leo mnamletea rangi? Nani kawaambia amekosa rangi?"

Niliona aibu mno. Nikatoka, nikachuma isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikaufuata ukungu mpaka kwake. Wenzangu wakanifuata.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu, na mimi sikujua tena kama nimesimama uani kwake au ndani ya ramani yake. Kisha akalipokea.

"Mfinyanzi," akaniita, "kuna mzee amesimama mlangoni, analia. Unafanya nini?"

"Nakaa naye mezani," nikamjibu, nami nalia.

Tulicheza hadi mtori ukapoa. Yule mfanyabiashara alipokuja alipewa kiti na dadu, akaondoka na boksi badala ya jina. Januari kila aliyepanda basi alibeba lake, na kabla ya Pasaka Deo alituma ujumbe kwamba majirani zake wanataka mengine.

Sasa umeniletea michoro ya boksi jipya, mwanangu, na kweli inapendeza. Lakini kitu kikififia, tafuta kwanza nani ameachwa peke yake nacho, ukakae naye. Rangi utapaka baadaye. Jani kavu ulilolikuta ndani ya boksi langu ni lile lile alilolipokea Baba Mdogo, akalitia humo, usilitupe.

Mungu akupe meza isiyokosa watu. Na ikitokea umeachwa, akuletee mtu mlangoni, jani mkononi.