Upande wa Wanaume

Watoto wetu walitukatia tiketi za meli, mimi na baba yao, wakasema tumejifungia pale mtaani kwetu Mabatini mpaka tumeota kutu. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: asubuhi kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, jioni nyumbani. Nilikubali kwa sababu walishalipa. Mimi ni Msukuma wa ng'ombe na pamba, na miaka yote niliyoishi mjini sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Ziwa nalipenda likiwa mbali, na sato wake wakiwa kwenye sahani.

Mume wangu ndiye mtu wa maji. Alizaliwa ufukweni, ng'ambo ya Kamanga, na alijua kuogelea kabla hajajua kuvaa suruali. Alikuwa fundi cherehani, msemaji kweli kweli, mteja anakuja kuchukua gauni anaondoka na hadithi, gauni kalisahau. Kisha kiharusi kikampiga. Kikamlegeza mkono na mguu wa kulia, kikambakishia neno mojamoja. "Chai." "Choo." "Hapana." Miaka miwili nimemwogesha mimi, nimemvalisha mimi, nimemfunga vifungo mimi. Na miaka hiyo yote, neno alilolirudia kuliko mengine lilikuwa "Ziwa". Alitaka aingie ziwani aoge kama zamani. Nilimkatalia kila mara. Nilimwambia mguu mmoja haupigi maji, na mimi siko tayari kuitwa mjane kwa sababu ya kuoga.

Tulipokaribia Nansio, mama mmoja wa melini akashika kipaza sauti. Akasema kuna mabasi ya meli yatakayowatembeza abiria: kasri la zamani la mtemi, ngoma, chakula cha mchana, na mwenyeji wa kueleza kila kitu. Watakaopanda mabasi hayo wasiwe na wasiwasi, hata wakichelewa meli itawangoja. Wanaotaka kwenda ufukweni kivyao, ruksa, ila saa tisa kamili meli inaondoka na haimsubiri mtu.

"Umesikia?" nikamwambia mume wangu. "Basi, lina viti, na wali wa moto."

"Ziwa," akasema.

"Ziwa! Si ndilo hili tumelivuka tangu asubuhi? Hulioni?"

"Ziwa."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," nikamwambia, "na wewe hata Mwislamu si Mwislamu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tuliposhuka gatini alikaa juu ya chuma kile kinene wanachofungia kamba za meli, akaikumbatia fimbo yake, akawa kama kapigiliwa msumari. Nilimvuta, nikambembeleza, nikamtishia kumwacha. Mabasi yakajaa, yakawasha, yakaondoka na wale wote waliokuwa na akili zao. Nilikasirika, sifichi. Niligeuka nimwambie maneno ya kumkaa, nikaona kidevu kinamtetemeka. Mtu mzima, baba wa watoto wangu, anazuia kilio mbele ya wabeba mizigo. Hasira ikaniisha yote, nikabaki na huruma.

"Haya, inuka," nikamwambia. "Miguu tu. Unalowesha miguu, tunarudi."

Tukapanda bajaji. Nikamwagiza dereva atupeleke ufukwe wenye viti, na atufuate mapema kabla meli haijaondoka. Akanitazama kwenye kioo chake. "Viti hakuna, mama. Mchanga upo."

Mchanga ulikuwepo kweli, na wanawake wanafua, masufuria yamepangwa majini, nguo zimeanikwa juu ya majani. Katikati ya ufukwe palikuwa na jiwe kubwa, refu kama nyumba, limeingia mpaka ziwani. Nikaanza kumkokota mume wangu kuelekea majini, mkono wangu kwapani mwake, mkoba wa dawa begani. Mama mmoja wa rika langu, kanga kaifunga kifuani, akanisimamisha.

"Habari za leo, mwenzangu. Mnakwenda wapi?"

"Nzuri. Nampeleka mzee alowe kidogo."

"Wanaume wanaoga kule, nyuma ya jiwe. Huku ni kwetu."

"Huyu ni mgonjwa," nikasema. "Mimi ndiye ninayemwogesha."

"Unamwogesha kwenu. Hapa mwanamke havuki jiwe. Utawakuta baba za watu wako uchi, mama wee, utawaambia nini?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikaona aibu, maana alisema kweli. Hata kwetu, kwenye visima na mabwawa ya ng'ombe, kila upande una wenyewe. Nilisahau tu. Ukishamwogesha mtu miaka miwili unasahau kwamba ni mwanaume. Unamwona mzigo wako, unapita naye popote.

Nikasema basi, turudi. Lakini yule mama alishapaza sauti kwa Kikerewe, na kutoka nyuma ya jiwe wakaja wazee wawili wamejifunga taulo, maji yanawachuruzika. Wakamsalimia mume wangu kwa kumshika mkono wa kushoto, hawakuuliza wa kulia una nini. Wakamwingiza katikati yao kama wanavyomchukua bwana harusi.

"Mguu wa kulia hauna nguvu!" nikawapigia kelele. "Ana presha! Msimwachie! Huko hakuna mamba?"

"Mamba wameenda sokoni," mmoja akajibu. Wakapotea naye nyuma ya jiwe. Nikabaki nimeshika fimbo yake.

Nilikaa juu ya mchanga, nikasimama, nikakaa tena. Nilisikia maji yakipigwa, kisha kimya. Kimya kile, jamani! Nilishaona jeneza, nilishaona watoto wakiniuliza, mama, ilikuwaje ukamkabidhi baba kwa watu usiowajua. Yule mama akaniletea sufuria lenye masizi. "Sugua," akasema. "Ukikaa bure utapasuka." Nikalisugua kwa mchanga sufuria la mtu nisiyemjua mpaka likang'aa, akaniletea la pili.

Dereva wa bajaji akarudi kama tulivyoagana. Nilikuwa nainuka nimwite mume wangu, ndipo nikasikia sauti nyuma ya jiwe. Niliijua kabla sijayajua maneno. Nzito, inaburuta, kila neno linavutwa kama ndoo ya kisimani.

"Mke wangu... yule... anaogopa maji... kuliko paka!"

Wanaume wakaangua kicheko. Na mimi, niliyekuwa nasemwa, nilisimama na sufuria mkononi machozi yananitoka. Miaka miwili sijasikia kwake maneno mawili yanayofuatana.

"Ndiye huyo?" yule mama akauliza.

"Ndiye," nikasema. "Mshenzi huyo. Ndiye mume wangu."

Meli ikapiga honi.

Ilikuwa honi ndefu, ikavuma kisiwa kizima, mpaka ndege wakaruka kwenye miti. Dereva akatupa sigara yake. "Mama, twende. Niwaite?" Wanawake wote wakanitazama. Sikuhitaji kuvuka jiwe lolote, nilihitaji kupiga kelele mara moja tu, na kelele mimi ninazo, hapo Mabatini wote wanazijua.

Nikafungua mdomo. Nyuma ya jiwe mume wangu alikuwa ameanza hadithi. Niliitambua: ni ile ya mteja aliyetaka suti ya harusi iishe siku hiyohiyo, na yeye kwa haraka akamshonea mikono yote miwili ya kushoto. Nimeisikia mara nyingi mpaka nilikuwa namkataza kuisimulia mbele ya wageni. Alifika kwenye "mikono yote," akakwama. Neno halikuja. Nyumbani ningeshammalizia. Nyumbani huwa namalizia kila kitu, hajamaliza kusema "ch" nimeshaleta chai. Kule hakuna aliyemmalizia. Walingoja. Maji yalikuwa yanapiga jiwe na wale wazee wamenyamaza, wanamngoja mwenzao kama hawana kazi nyingine duniani.

"...ya kushoto!" akasema.

Wee! Kicheko kile. Na chake kikawa juu ya vyao vyote.

Nikafunga mdomo wangu. Nikamwambia dereva aendelee na safari zake, akitaka arudi jua likishuka. Honi ikapiga tena, mimi nikachukua sufuria la tatu. Dawa zake ninazo mkobani, nikajisemea, na kesho kuna vyombo vya majini vya kwenda Mwanza. Nikasugua.

Meli ilikuwa imeshatoka bandarini, nyeupe, iko mbele yetu majini kila mtu anaiona, wakati mume wangu alipokuja akizunguka jiwe. Wazee wake walikuwa nyuma, hawakumshika. Nywele zimelowa, macho mekundu. Shati alilivaa mwenyewe kwa mkono mmoja, vifungo vimepishana, kola upande mmoja imefika sikioni. Mikono yangu ilitaka kwenda kwenye vile vifungo, nikaishughulisha na fimbo. Nikamwachia mtu na shati lake.

Akasimama mbele yangu akihema. Akalitazama ziwa, akaitazama ile meli inavyokwenda. Kisha akanigeukia.

"Honi..." akasema. Nikamngoja. "Honi imepiga?"

"Honi gani?" nikamwambia. "Mimi sijasikia."

Akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki wake.

"Hata mimi," akasema, taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho, "sijasikia."