Mama Zuhura Aliyebaki Madina

Tulikwenda Umra kwa sababu ya magoti ya mama. Kila Ramadhani alikuwa akisema kwamba mwaka ujao hayatamfikisha popote, basi shule zilipofungwa nikaamua kumpeleka mwenyewe.

Wiki tatu kabla ya safari, hapa Kisumu, tulidungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo. Nesi alitueleza kuwa ugonjwa huo hupitia mate na kikohozi, na watu wakilala wengi chumba kimoja huenea upesi. "Mkiona mtu ana homa, kichwa kinamuuma na shingo imekakamaa, msingoje kesho," alisema. Mama akacheka, akamwambia sisi tunaenda kwa Mungu, hatuendi hospitali.

Nairobi, kwenye uwanja wa ndege, tulipangiwa kulala chumba kimoja na Mama Zuhura, muuzaji wa vitenge kutoka Awasi. Kabla hatujapanda ndege alikuwa ameshajua majina ya kundi zima, na mimi akaniita Mwalimu tangu dakika ya kwanza. Madina tulilala chumba kimoja siku tano, tukinywa maji ya chupa moja kama ndugu.

Siku ya sita, baada ya alfajiri, nilimkuta amelala amejifunika leso usoni.

"Taa, Mwalimu. Zima taa."

Mwili wake ulikuwa moto. Basi la kwenda Makka lilikuwa liondoke alasiri. Nikasema namwita kiongozi wa kundi, akanishika mkono.

"Ukimwambia, wataniacha hapa. Nimengoja safari hii tangu wanangu wakiwa wadogo. Niache niione Kaaba kwanza, nyathina, halafu mnipeleke mnakotaka."

Alivyoniita mwanawe, nikalegea. Mama naye alisema ni uchovu tu. Nikampa Mama Zuhura dawa ya kichwa, tukaenda msikitini. Sikuwa nimesahau maneno ya nesi. Niliyaweka kando tu.

Adhuhuri tuliporudi, alikuwa ametapika kitandani, na aliponiona aliniita kwa jina la dada yake. Nilijaribu kumwinua kichwa, shingo ikakataa kupinda. Nilishuka ngazi mbio kumtafuta kiongozi.

Hospitalini daktari aliomba kadi yake ya chanjo. Ilikuwa na muhuri. Daktari akaitazama, akamtazama mgonjwa, akaniambia nipige simu nyumbani kwake niulize kama kweli alichanjwa. Mumewe, Baba Zuhura, ndiye aliyepokea.

"Hakudungwa," akasema. "Kuna jamaa alituletea hiyo kadi dukani. Tulikuwa na shughuli nyingi, tukaona ni karatasi tu."

Mimi na mama tulipewa tembe tumeze papo hapo, kwa sababu tulilala naye. Kisha daktari akauliza alianza kuumwa lini. Nilitamani kusema ni saa hiyohiyo. Nikasema tangu alfajiri. Aliandika.

Makka tulifika bila yeye. Kiongozi alibaki Madina kumwangalia. Nilikuwa nimeandaa dua nyingi za kusoma mbele ya Kaaba, za shule, za ndugu zangu, za magoti ya mama. Nilipofika nikajikuta naomba moja tu, mara nyingi.

Kisumu tulirudi akiwa bado amelazwa. Majirani walikuja kutaka habari za safari, nami nikaanza na ile sindano kabla ya kusimulia lolote la Makka. Wengine waliona nawaharibia furaha.

Awasi nilikwenda Jumamosi moja, niliposikia amerudi. Baba Zuhura aliniwekea kiti ndani ya duka, akatoka nje bila kunitazama machoni. Mama Zuhura alikuwa amekonda, leso imemzidi mabega.

"Nilikukasirikia, Mwalimu," alisema. "Nilipopata fahamu nikaambiwa mmeenda Makka, nilikukasirikia sana. Nimerudi bila kuiona Kaaba."

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Sikukosea kumwambia kiongozi. Nilikosea kungoja. Niliacha asubuhi nzima ipite kwa sababu nilikuonea huruma."

Alinitazama kama mtu anayengoja nianze kuzungumza. Kisha akashika kiti chake, akakigeuza polepole.

"Hamia upande huu. Sikio la kushoto halisikii tena tangu Madina."

Nikahamia kulia kwake, nikarudia yote tangu mwanzo.