Jogoo Kwenye Kitanda cha Mwanangu

Siku niliyofukuzwa kwa mume wangu, niligeuka kutazama nyuma mara moja tu. Nikamwona jogoo amelala kwenye kitanda cha mwanangu.

Kafunikwa shuka. Neti ya mbu imeshushwa. Balbu inamulika asije akapatwa na baridi.

Mwenye kitanda nilikuwa naye mgongoni, juani, kandokando ya mashamba ya miwa.

Usicheke kwanza. Sikiliza.

Naitwa Rosenda, wa huku kisiwani Negros, Ufilipino. Huku kwetu mwanamume anaweza kukosa suruali, jogoo wa kupigana hakosi. Wa mume wangu Arnulfo aliitwa Heneral, yaani Jenerali. Mwekundu, shingo ndefu, macho ya dharau kama mwenyewe.

Heneral alikula mahindi ya kuchaguliwa na vitamini. Mimi nilikula kilichobaki.

Kila asubuhi Arnulfo alimwogesha kwenye beseni la jikoni. Lile lile nililooshea mboga na chupa za maziwa za Analiza, binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

"Arnulfo, huyo kuku anakunya kwenye beseni."

"Kuku wako sokoni. Huyu ni Heneral."

"Haya, Heneral anakunya kwenye beseni."

Mama mkwe wangu, Nanay Pureza, akadakia kutoka kwenye benchi lake, akiniita Inday kama waitwavyo wanawake wa huku. "Inday, mavi ya mtoto wako tunayavumilia, sembuse ya bingwa."

Basi. Nikawa nasuuza.

Halafu Analiza akaugua. Joto mwili mzima, kuharisha, choo kina damu.

Nanay alimtazama mara moja akatoa hukumu. "Kapigwa jicho. Nani kamsifia?"

Aliyemsifia alikuwa baba yake. Asubuhi alitoka bandani kwa kuku, akamfinya shavu, akasema, "Mnene huyu." Na dawa ya jicho kwetu ni mate ya yule yule aliyesifia.

Akaitwa. Akaja na mkono uliotoka kumpapasa Heneral mkiani. Akalamba kidole gumba, akampaka mtoto tumboni.

"Haitoshi," Nanay akasema. "Na ulimini."

Akampaka ulimini.

Kesho yake Analiza alikuwa akifungua mdomo kulia na sauti haitoki. Nikamfunga mgongoni nikakimbia naye kituo cha afya.

Nesi Delfina alihangaika kuutafuta mshipa wa kumwekea dripu mpaka jasho likamtoka. Majibu ya choo yalipokuja, alinikalisha pembeni.

"Ni salmonela, bakteria wa tumboni. Kwenu kuna kuku anayeingia jikoni?"

"Haingii tu. Anaoga humo."

Nesi akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba mdudu huyo hukaa tumboni mwa ndege, na ndege mwenyewe haumwi, anang'aa tu. Hutoka na kinyesi, akashika manyoya, miguu, mdomo. Ukimpapasa, unaye mkononi. Ukiosha chupa alipooga, mtoto anaye. Ukikata kuku mbichi kisha ukakatia nyanya ubao uleule, meza nzima mnaye.

"Mama," akamalizia, "safari hii tumemuwahi. Akirudi tena hivi, siwezi kukuahidi kitu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kifuani. Nikanunua beseni jipya na sabuni.

Arnulfo akamwogeshea Heneral kwenye beseni jipya. Kwa sababu ni jipya.

Hapo nikachoka. "Chagua," nikamwambia. "Huyo jogoo akae bandani na wenzake, au mimi na mtoto tuondoke."

Alikuwa akimpuliza manyoya. Hata hakugeuka.

"Inday, mtoto tutazaa mwingine. Jogoo kama huyu hazaliwi mara mbili."

Nanay alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilisubiri mume wangu aseme anatania. Nasubiri mpaka leo.

Jumapili ya pambano Heneral alishinda. Alimuua mwenzake, naye akachanwa kifua kwa kile kisu wanachowafunga mguuni. Damu ilipomziba Heneral koo, Arnulfo alipiga magoti ulingoni, akaingiza kichwa cha jogoo kinywani, akafyonza, akatema. Watu wakampigia makofi kama kaokoa mtu.

Akarudi nyumbani na kundi la marafiki, damu imemkaukia kwenye masharubu. Akanyoosha moja kwa moja kwa Analiza.

"Njoo umbusu baba bingwa."

Nikasimama mlangoni. "Nawa kwanza."

"Unasemaje?"

"Mikono na mdomo. Kwa sabuni."

Rafiki yake mmoja akaguna kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichonitoa kwenye ndoa. Mwanamume wa kwetu anaweza kufyonza damu ya kuku mbele ya watu, lakini kuambiwa na mkewe anawe mbele ya watu hawezi.

"Mwanamke anamwona mumewe uchafu," Nanay akasema. "Toka. Na hicho kilialia chako ukibebe, Heneral anahitaji utulivu."

Arnulfo alikuwa ameshaanza kutandika shuka kwenye kitanda cha mtoto.

Nikaenda kwa kaka yangu Crisanto, upande wa pili wa kiwanda cha sukari. Nililia njia nzima, na haikuwa kwa mapenzi. Ilikuwa aibu ya kushindwa na kuku.

Heneral akafa kesho yake.

Nanay Pureza hakuwa mtu wa kufukia nyama. Akasema bingwa ni bingwa, tumle tupate nguvu zake. Akamkata, akamchemsha mpaka akaiva vizuri, na hapo hakukosea. Ila kwenye ubao uleule, kwa kisu kilekile, bila hata kumwagia maji, akakatia nyanya na matango. Yakaliwa mabichi na siki. Marafiki wote waliitwa.

Wale marafiki wakaanza kukimbizana migombani, matumbo yanawaendesha.

Arnulfo akalazwa na dripu, nesi ni yule yule Delfina. Nanay, mwenye umri wake na kisukari chake, hakurudi nyumbani.

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilipiga pasi gauni langu jeusi huku naimba.

Msibani wakanong'ona kwamba nimewaloga. Nesi akajaribu kuwaeleza habari za ubao. Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, tangu lini nyanya ikaua mtu?" Wote wakaona kajibu vizuri.

Basi, siku moja Arnulfo akaja kwa Crisanto. Kakonda, shati linamning'inia. Akapiga magoti nje ya geti.

"Inday, nilikosea. Mama hayupo, nyumba imekuwa pango. Nirudishie mwanangu. Tazama, nimenawa."

Akanyoosha mikono. Ilinukia sabuni kweli.

Nitasema ukweli, nililainika. Analiza alimtambua, akanyoosha vimikono akicheka. Nikafungua geti.

Shati la Arnulfo likalia, piu.

Akatabasamu, akafungua kifungo, akatoa kifaranga mwekundu.

"Wa mwisho wa Heneral huyu. Nimemletea mwanangu, wakue pamoja."

Akamtia mikononi mwa mtoto kabla sijafumbua mdomo. Na mtoto wa umri ule akishika kitu, anakipeleka wapi? Nilimdaka kifaranga kwenye midomo yake.

Sikumpigia kelele. Nilimrudisha kifaranga ndani ya shati la baba yake, nikafunga kifungo, nikafunga na geti. Nikampeleka Analiza bombani, nikamsugua kwa sabuni viganja, vidole na kucha, mpaka akalia.

"Inday," sauti ikaja kutoka nje, "ni kifaranga tu."

Ndugu msomaji, kama unafuga, mfugo uwe nje, jiko liwe jiko, na mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto. Yule mdudu wa tumboni hana ubishi, ukimwekea sabuni anaondoka. Baba anayempenda jogoo kuliko mwanawe, mimi sabuni yake sijaiona dukani.