Nusu Duara Kwa Kalenda

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, halafu nikatolewa nichunge ng'ombe huko kwetu Ukambani, kwa hivyo mambo ya vitabu msiniulize. Lakini msichana wangu wa pili ni injinia wa maji. Na siku watu wa Australia walimwambia alete ushahidi ya vile amekuwa akisoma hata baada ya kuanza kazi, hiyo ushahidi ilitoka kwa ukuta yangu. Wacha niwaambie polepole, kwa sababu hii stori mimi naipenda sana.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini, mzee wangu akiwa anachonga mawe ya kujenga. Huyo msichana alipomaliza chuo akaandikwa kazi Kajiado, ya pampu na visima vya mashine. Kajiado si mbali. Ukishapita Kisaju unaanza kujiona kama umefika. Lakini mtu akiwa na kazi, kukuona ni mpaka apate nafasi, na mimi nilikuwa nalalamika sana.

"Umenisahau," namwambia.

"Mwaitu, si nilikuwa hapa juzi?" anasema. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Juzi gani?"

Tunabishana hivyo mpaka chai inapoa. Nikaona nitafute njia ya kumshinda. Nikachukua ile kalenda ya duka la dawa za mifugo, nikaanza kuweka alama. Akija kutuona, naweka duara mzima. Lakini akija kulala tu, kwa sababu kesho yake anaingia Nairobi asubuhi mapema kwa mafunzo ya kazi, hiyo naweka nusu duara, kama mwezi ikiwa changa. Akaona hizo nusu, akauliza ni nini.

"Hizo ni siku ulikuja kwa kitanda," nikamwambia. "Kwangu hukuja."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hii ukuta sasa imekuwa korti."

"Ndio, na mshtakiwa amalize chai yake."

Mwaka ikiisha, mimi sitoi kalenda. Natundika mpya juu ya ile nzee, msumari ni ule ule. Ukifunua chini unapata mwaka jana, ukifunua tena mwaka juzi, mpaka miaka yenye hata panya wameonja.

Halafu niko na tabia ingine. Watoto wangu wakiwa wadogo, singeweza kusoma vitabu vyao nijue kama wanasoma ama wanacheza. Kwa hivyo jioni kila mmoja alikuwa anasimama hapo karibu na jiko, ananiambia leo amefundishwa nini. Asiponielezea nikaelewa, hajasoma. Huyu hata akiwa injinia, na mshahara wake, akirudi jioni kutoka hizo kozi kuchukua mfuko wake, alikuwa anasimama hapo hapo.

Basi ikafika mwaka ule mradi wao wa maji ulikuwa unaisha, na kazi inaisha nayo. Yuko na watoto wawili. Akaomba kwenda Australia kama fundi mwenye ujuzi, akajaza makaratasi, akatuma. Wakamrudishia jibu: tuandikie mafunzo yote umefanya hii miaka mitatu, tarehe, masaa, ulijifunza nini, na nani alikufundisha. Wakampa mwezi mmoja. Asipoleta, wanafunga faili.

Na vyeti vyake alikuwa ameweka kwa katoni, chini ya kitanda, kule amepanga nyumba Kajiado. Alipovuta hiyo katoni, mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Vyeti viwili vilipona, vile vilikuwa juu. Vingine vilikuwa udongo.

Alikuja kwangu siku hiyo bila kuniambia. Mimi kwa furaha nikakimbilia biro niweke duara mzima. Kugeuka, naona mtu mzima analia kwa kiti. Akanielezea yote. Akasema mwenzake wa kazi amemshauri aandike tarehe zozote tu, nani atajua.

"Na wakipigia wale walikufundisha?" nikauliza.

Alikuwa anaangalia biro kwa mkono yangu. Halafu akaangalia ukuta. Akasimama, akafunua kalenda ya juu, akafunua ya pili, akafunua ya tatu.

"Mwaitu. Hizi nusu zote ni kozi?"

"Zote. Kozi ni ile siku inafuata."

Tukatoa hizo kalenda tukaziweka mezani. Yeye anasoma tarehe, mimi namwambia alichofundishwa. Hii ya mwezi wa tatu? Hiyo ni ile uliniambia pampu ikivuta maji kwa nguvu kupita kiasi inatoa povu, na hiyo povu inakula chuma. Hii ingine? Hiyo ni ya yale maji ya huku yanaharibu watoto meno, mkafundishwa kuyachuja na mifupa ya ng'ombe imechomwa, nikakuambia mimi siwezi kunywa maji ya mifupa. Hii? Pampu ya sola, na ulirudi na njaa kwa sababu chakula yao ilikuwa mbaya. Anaandika, anacheka, anapangusa macho. Mzee alikuwa mlangoni, kofia kwa mkono. Siku hiyo hakututania.

Zilikuwa nusu kumi na nne. Kumi na tatu zikaingia. Moja, ya mwezi wa nane, mimi sikuwa nakumbuka chochote, na mimi sisahau.

"Hii ulikataa kunielezea," nikamwambia. "Ulisema umechoka."

Akasema, "Hakukuwa na kozi hiyo siku, Mwaitu. Walikuwa wamepatia mtu mwingine ile kazi ya mkubwa nilikuwa nimeomba. Nilitaka tu kulala nyumbani. Nikaona haya kusema."

Kumbe miezi yote hiyo mimi nimemwandikia nusu. Nilichukua biro nikamalizia hiyo duara, pole pole, isipinde. Yeye akaandika kumi na tatu kwa karatasi yake.

Sasa akiwa na tarehe, akaingia saiba, kule wanalipisha kompyuta, hapa Kitengela, akaandikia wale waliomfundisha, mmoja mmoja: siku fulani nilikuwa kwenu, angalieni kitabu mlitufanya tusaini. Wakaangalia. Jina lilikuwepo. Barua zikaanza kurudi, na masaa yameandikwa, na mwezi kabla haujaisha akatuma kila kitu.

Tukangoja. Hapo sitawadanganya, nilikuwa napika chakula inaungua. Halafu siku moja simu ya mzee ikalia, nikaishika mimi.

"Mwaitu, wamekubali."

Nikakaa kwa debe ya maji.

"Sijasikia vizuri," nikamwambia, na nilikuwa nimesikia. "Kuja uniambie ukiwa hapa."

Alifika kabla jua kuzama, moja kwa moja kutoka Kajiado, na kesho yake hakuwa anaenda popote. Kabla avue viatu nilikuwa nimeshaenda kwa ukuta na biro, nikaweka duara mzima. Halafu nikamsimamisha hapo karibu na jiko, aniambie yote kutoka mwanzo.